Stendi ya Nne

Mbao mbichi ya saiprasi hunuka kama limau lililosahauliwa ndani ya mfuko wa koti la mvua. Watu wa mjini wanaipenda harufu hiyo, wanasema ni harufu ya usafi. Mimi siivumilii. Leo nina karakana kando ya Barabara ya Ngong ambayo ukisimama mlango wa mbele humtambui mtu aliyesimama mlango wa nyuma. Nina mashine za kuranda zinazofanya kwa saa moja kazi ya wanaume kumi, nina tanuri la kukaushia mbao nililolijenga kwa akili yangu mwenyewe bila mhandisi, na viti vyangu hukaliwa na watu ambao ninyi huwaona kwenye televisheni tu. Yote hayo nimeyapata kwa elimu ya darasa la saba, na hilo darasa la saba lenyewe sikulimaliza. Sisemi kwa kujisifu. Au basi, nasema kwa kujisifu, kwani nani mwingine atanisifu? Lakini lori likileta mbao mbichi getini kwangu hulirudisha kabla halijazima injini. Madereva huniita Mzee Kavu, na hudhani ni ukali tu. Hawajui kwamba hiyo harufu inanirudisha Agosti moja nikiwa na miaka kumi na miwili, na kwamba nikirudi huko hurudi na hasira.

Baba yangu, Fundi Shem, alitoka Magharibi, upande wa Kakamega, akajenga kibanda cha mabati ukingoni mwa mtaa wa Jamhuri, si mbali na uwanja wa maonyesho ya kilimo. Mafundi wenzake walitengeneza vitanda na makabati. Yeye alitengeneza stendi, yaani ule mguu wa mbao ambao sanamu huwekwa juu yake ili watu waitazame bila kuinama. Nairobi nzima ya wakati ule, ukiingia jumba la sanaa na ukaona kinyago kimesimama sawasawa, bila kutikisika, ujue chini yake kuna jasho la baba yangu. Hakuna aliyejua. Mtu hutazama kinyago, hatazami kilichokibeba. Sisi tulizipeleka kwa mkokoteni, yeye akivuta na mimi nikisukuma, kwa hiyo nikiwa mtoto niliyafahamu majumba yote makubwa ya sanaa ya mji huu, lakini kwa upande wa nyuma: mapipa ya taka, paka wa jikoni, mlango mdogo wenye kengele isiyolia. Ningeweza kukueleza kila jumba paka wake ana rangi gani. Ndani kuna nini, sikujua.

Likizo ile ya Agosti ilikuja kazi ya stendi nne kwa mpigo. Kulikuwa na maonyesho makubwa ya sanamu, yaliyogawanywa katika majumba kadhaa ya mji, na mama aliyeyasimamia alikuja mwenyewe kibandani akiwa na gari jeupe. Sisi tulimwita Madam, na hapa pia nitamwita hivyo, maana jina lake nikilitaja nitalitaja vibaya. Alitaka stendi nne zilingane urefu, zote nyeusi. Baba alikuwa na mvule uliokaa ukutani miaka miwili ukikauka, akautumia wote, ukatosha stendi tatu. Ya nne ikabidi anunue saiprasi sokoni, na saiprasi ile ilikuwa bado inatoa machozi, ukiigusa kidole kinanata. Madam alipokuja kuangalia kazi, baba alimwambia wazi, na mimi nilikuwa hapo nikipiga msasa.

“Hizi tatu chukua, Madam. Hii ya nne ngoja. Bado iko na maji.”

“Maji gani, Fundi? Mimi naona mbao.”

“Maji iko ndani. Ipatie wiki tatu hivi, ama nne. Ikikauka ikiwa imebeba kitu, inapasuka.”

“Wiki nne? Maonyesho yanafunguliwa sasa hivi! Paka rangi bwana, nani atajua?”

Akapaka rangi. Hapo ndipo baba alipokosea, na mimi mwanawe simtetei. Alikuwa mtu asiyejua kumkatalia mtu mwenye gari. Zikapakwa nyeusi zote nne, zikawa kama mapacha wanne, na kesho yake pikapu ikazichukua zikatawanywa mjini. Hakuweka alama hata chini ya mguu. Fundi aliyekuwa akinigombeza kwa kusahau alama ya penseli kwenye kimguu cha kigoda, siku hiyo mwenyewe hakuweka alama, kwa sababu aliona haya.

Jua likawaka siku nyingi mfululizo. Kipande kilichobaki cha ile saiprasi mama yangu alikuwa amekifanya pahali pa kuwekea karai la kunawia. Asubuhi moja tukiwa tunakunywa chai, kile kipande kikalia paa, kama mtu amevunja fimbo gotini. Maji yakamwagika. Baba akaweka kikombe chini, akachutama, akaingiza kidole katika ufa. Kidole kikaingia chote. Hakuimaliza ile chai. Alijua kwamba mahali fulani katika Nairobi kuna stendi ya mbao ileile, ina sanamu nzito juu yake, na watu wanapita kando yake wakila biskuti.

“Si upige simu, Baba Tito?” mama akamwambia.

Alipiga, kwenye kibanda cha simu cha posta. Binti aliyepokea akasema Madam hayupo, akakata. Akapiga tena, Madam bado hayupo. Basi baba akavaa koti lake la kanisani, akatia katika mfuko wake wa turubai kabari tatu, kamba, gundi na nyundo, akaniambia nivae viatu. Alinihitaji nimsomee mabango, kwa kuwa yeye alisoma Biblia ya kwao na futi ya kupimia, basi. Tulikwenda kwa miguu kwa sababu kila mahali tulikwenda kwa miguu.

Tulianza na jumba la makumbusho lililo kilimani, ng'ambo ya mto. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia kwa mbele. Nakumbuka harufu ya nta ya sakafu, na ubaridi, na jinsi viatu vyetu vilivyopiga kelele kana kwamba tumeingia na punda. Nakumbuka mchoro wa wanawake wa sokoni wenye shingo za kijani, nikasimama kuwashangaa, baba akanivuta mkono. “Angalia chini,” akasema. Ndivyo nilivyozuru sanaa ya nchi yangu: nikiangalia chini. Baba hakuwa na njia ya kuitambua ile saiprasi chini ya rangi ila moja, na fundi yeyote wa mbao anaijua. Ukigonga mbao kavu kwa kifundo cha kidole, inakujibu, inasema ko. Ukigonga mbao yenye maji inakaa kimya kama tumbo lililoshiba. Kwa hiyo alikwenda kutoka sanamu hadi sanamu, akipiga magoti mbele ya kila stendi nyeusi, akaweka sikio, akagonga. Wanafunzi wa shule moja waliokuwa pale wakaanza kucheka. Askari akaja, kijana mwenye kofia iliyomzidi kichwa.

“Mzee, unabisha hodi kwa sanamu?”

“Natafuta mbao yangu.”

“Sawa. Akiitikia karibu, na mimi uniite tuingie wote.”

Wanafunzi wakaanguka kwa kicheko. Baba naye akatabasamu, ndivyo alivyokuwa, halafu akagonga ile stendi iliyokuwa yake. Ikasema ko. Mvule. Tukatoka.

Kesho yake tukaingia katikati ya mji, kwenye jumba la sanaa lililokuwa chini ya jengo la mawe la zamani, karibu na maduka ya vitambaa. Karani wa pale alikuwa Bwana Salim, Mswahili wa Mombasa, mtu wa kanzu Ijumaa na tai siku nyingine, na ndiye mtu pekee katika hadithi hii ambaye sina ugomvi naye. Yeye hakutupeleka mlango wa nyuma.

“Ahlan, Fundi Shem, karibu ndani, karibu. Na huyu ndiye mwanao? Mashaallah, mikono ya kazi hii. Haya, una lipi?”

Baba akamweleza. Bwana Salim hakucheka. Aliwaomba wageni wawili wasogee, akamshikia baba taa ya mezani ili aone chini. Stendi mbili zilikuwa hapo, zote mbili zikasema ko. Bwana Salim akafungua daftari lake, akapitisha kidole. “Ya nne imekwenda Loresho,” akasema, “kwenye ile nyumba ya sanaa ya mtu binafsi. Imebeba lile jiwe la mama na mtungi.” Akafunga daftari. “Lile jiwe, Fundi, lilibebwa na wanaume wanne, na mmoja wao mpaka leo analalamika kiuno.”

Baba akakaa chini sakafuni, na koti lake la kanisani. Bwana Salim akainua simu, akazungumza kwa adabu ndefu, akasikiliza, akaiweka taratibu. “Nimewaambia,” akasema. “Wamecheka. Nenda mwenyewe, ndugu yangu, na uende kesho.”

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Tulivuka Barabara ya Ngong jua halijapanda, tukapita katikati ya Lavington, kwenye zile njia ambazo humwoni mtu ila ua la michongoma na pua ya mbwa chini ya geti. Mara tatu walinzi walitusimamisha watuulize tunaenda kwa nani. Mara ya tatu mmoja akafungua mfuko wa baba, akaona nyundo, akasema, “Mzee, na hii ni ya nini saa hizi?” Baba akamwambia ukweli wote, kuanzia saiprasi. Yule mlinzi akachoka kusikiliza, akatupungia twende. Tulivuka Waiyaki Way kwa kukimbia, tukapanda Loresho. Kisigino changu kilikuwa kimechubuka na sikusema. Tulipofika ilikuwa karibu saa sita, na magari yalikuwa yamepangwa njia nzima.

Getini tukaambiwa leo ni wageni tu, mafundi ni Jumatatu. Baba akaomba aitiwe Madam. Akaja, ana glasi mkononi, anatabasamu kwa ajili ya watu walio nyuma yake.

“Fundi! Leo kweli?”

“Madam, ile stendi. Ile niliambia wewe ngoja. Itapasuka.”

“Imesimama vizuri kabisa. Watu wanaisifu.”

“Niruhusu dakika tano. Nitaweka kabari tu, hakuna mtu ataona.”

“Jumatatu, Fundi. Jumatatu asubuhi njoo, utapewa na chai.” Akageuka.

Kutoka getini uliweza kuona ndani. Milango ya ukumbi ilikuwa imefunguliwa yote kuelekea bustani, na mbele kabisa lilikuwa lile jiwe, mama wa jiwe la kijivu mwenye mtungi kichwani, mrefu kuliko mimi. Chini yake stendi yetu. Hata mimi, mtoto, niliona kwamba haiko wima tena. Ilikuwa imeinama kidogo tu, kama mtu anayetaka kusikia unachosema. Na kando yake msichana mdogo wa gauni la manjano alikuwa ameishika kwa mkono mmoja, anazunguka, anazunguka, jinsi watoto wanavyozunguka nguzo.

Sijawahi kumwona baba akikimbia kabla ya siku hiyo wala baada yake. Alimpita mlinzi, akakata bustani na ule mfuko wake, akafika, akapiga magoti, akaikumbatia stendi kwa mikono miwili na kuingiza bega chini ya jiwe. “Mtoto atoke!” akapaza sauti. “Shikeni jiwe! Kuja mshike!” Mimi nilikuwa nyuma yake. Na ninyi mnaosoma, wekeni picha hii vizuri, maana mimi nimeiona kila wiki ya maisha yangu: watu zaidi ya thelathini, waliosoma, wenye nguvu, wameshika glasi, na hakuna hata mmoja aliyesogea. Bwana mmoja akacheka, akamwuliza mkewe, “Ni mchezo? Ni sehemu ya maonyesho?” Wengine wawili wakapiga makofi. Walidhani baba yangu ni sanaa.

Basi nikamshika yule msichana gauni nikamvuta kwa nguvu. Akaanguka nyasini, akapiga ukelele, na huo ukelele ndio uliowaamsha. Dakika nzima mtu analia saidieni hawakusikia, mtoto wao alipolia wote wakasikia. Walinzi wawili wakamrukia baba. Mmoja akamshika kiuno, mwingine akamkaba shingo, naye anasema, “Msinivute, msinivute, inaanguka.” Wakamvuta. Stendi ikafunguka kama ganda la njugu na jiwe likashuka pale pale alipokuwa akizunguka yule mtoto. Mama wa jiwe akavunjika kiunoni. Mtungi ukabiringika mpaka kwenye ngazi ukasimama. Na katika ile mbao iliyopasuka, ndani, chini ya rangi nyeusi, ikatoka ile harufu ya limau.

Madam akasema, “Umefanya nini, Fundi?”

Na baba yangu akasimama, akajifuta magoti, akasema, “Nisamehe, Madam.”

Hapo. Hapo hasa ndipo ninapochomeka. Ningewasamehe glasi zao. Ningemsamehe hata yule aliyemkaba, alikuwa mtu wa kazi kama sisi. Lakini ile nisamehe! Mimi nilipiga kelele, nikasema si yeye, ni mbao, aliwaambia, aliwaambia mara mbili! Mama mmoja aliyenukia vizuri sana akaniwekea kidole mdomoni, akasema, “Shh, mtoto mzuri.” Wakaleta karatasi. Ilisema kwamba Shem, seremala, aliingia bila ruhusa akiwa na nyundo na kuangusha kazi ya sanaa. Baba akaniambia nimsomee. “Soma polepole,” akasema. Nikamsomea polepole, kila neno, kisha akaomba kalamu akatia sahihi, na tukarudi Jamhuri kwa njia ileile. Njiani alinibeba mgongoni kwa sababu ya kisigino. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilikuwa mzito, na nilimchukia njia nzima huku nimemshika shingo, pale pale ilipokuwa imekabwa.

Hakuna jumba la sanaa lililomwita tena. Neno lilizunguka mji kwa wiki moja kwamba kuna fundi kichaa anayevunja sanamu. Alitengeneza vibanda vya kuku, halafu mikono ikaanza kumuuma, na muhula uliofuata mimi nikaacha shule nikashika randa. Kila kitu nilicho nacho nilikianzia kwenye kibanda kile, na nilikijenga kwa hasira, na sioni aibu kusema hasira ni mtaji mzuri. Siku hizi majumba yale yamejaa watu. Vijana huyazunguka kwa miguu Jumamosi, wamevaa raba, wanapigana picha, wana kiongozi mwenye bendera ndogo anayewaeleza habari za kila mchongaji, alizaliwa wapi, aliteseka vipi. Mimi hualikwa. Huingia kwa mbele, watu husimama kunipa mkono, hunikaribisha juisi, huniita mheshimiwa. Nimewahi kusimama mbele ya wale wanawake wenye shingo za kijani nusu saa nzima, na hakuna aliyenivuta mkono.

Mwaka huu ile nyumba ya Loresho imepata wasimamizi wapya, vijana wazuri, wana adabu. Waliniandikia wakiomba karakana yangu iwatengenezee stendi za ukumbi wote. Niliwajibu kwamba nitazitengeneza kwa mvule mkavu, na nitazileta mwenyewe, kwa sharti moja: waandike ukutani, pale jiwe lilipoanguka, yaliyotokea siku ile na aliyeyafanya. Kabla sijapata majibu nilikwenda nyumbani Kakamega. Mzee yuko hai, masikio yake hayafanyi kazi vizuri, unamsemea karibu. Nikamwuliza swali nililolibeba karibu miaka arobaini, kwa nini aliomba msamaha. Akaweka chini bakuli lake la uji.

“Yule msichana aliumia?” akaniuliza.

“Hapana, Baba.”

“Basi kazi iliisha.” Akaomba aongezewe uji.

Yake iliisha. Yangu haijaisha. Majibu ya Loresho yalikuja, barua nzuri, wameniita mheshimiwa mara nne. Wanasikitika kwamba wametafuta katika makabati yao yote na hawana maandishi yoyote kuhusu tukio hilo, wala kuhusu fundi wa jina hilo, kwa hiyo hawawezi kuweka ukutani jambo lisilo na ushahidi. Hata ile karatasi waliyomtaka atie sahihi, niliyomsomea polepole, hata hiyo wameipoteza. Stendi zao watatafuta kwa mwingine. Mimi si mtu wa kuandika, na haya nimeyaandika kwa siku kumi na moja, binti yangu akinirekebisha herufi. Nakala ya kwanza nitaipeleka Loresho kwa mkono wangu, Jumamosi, wageni wakiwepo.